Tofauti Ndogo Tu

Mwaka wa 2023 nilikuwa naandika maelezo ya magari. Muuzaji mmoja wa magari ya mtumba alinitumia orodha, na kwa kila gari nilitakiwa kuandika maneno 80 ya kumfanya msomaji apige simu. Sina leseni ya kuendesha. Gari ninalolijua vizuri ni matatu ya Umoja, na hilo nalijua kutoka kiti cha nyuma. Lakini kazi ni kazi, na kodi ya nyumba haiulizi kama una leseni.

Kwenye orodha hiyo kulikuwa na Nissan Leaf mbili. Zote za mwaka wa 2016, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Zote nyeupe, umbo moja, taa zilezile zilizotokeza kama macho ya chura. Tofauti kwenye karatasi ilikuwa nambari moja. Betri ya moja ilikuwa ya kilowati-saa 24, ya nyingine 30. Ya pili ilikuwa ghali kwa shilingi laki moja na elfu ishirini.

Wiki hiyohiyo mjomba wangu alinipigia kutoka Bamburi. Sisi huitana mjomba sote wawili, yeye kwangu na mimi kwake, ndivyo tulivyozoea kwetu pwani. Alikuwa amechukua mkopo wa chama anunue gari la teksi, na petroli ilikuwa imemchosha. Alikuwa ameona zile Leaf mbili.

"Mjomba, wewe ndiye mwenye kuandika mambo haya. Hizi mbili zina tofauti gani?"

Nikamjibu bila hata kuinuka kitandani: "Tofauti ndogo tu. Chukua ya bei nafuu."

Akachukua ya bei nafuu.

Kuna swali ambalo wenye magari ya umeme huulizana kila mwaka kampuni inapotangaza modeli mpya: hivi haya mabadiliko madogo madogo yana maana yoyote? Mwaka huu wameongeza kilomita chache, mwaka ujao wanahamisha chaja, mwaka wa tatu wanabadilisha rangi ya viti. Wengine hucheka. Wengine huuza gari lao upesi wachukue jipya. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kucheka, na nilicheka kwa gharama ya mtu mwingine.

Baada ya miaka miwili niliketi nikaisoma historia ya gari hilo nililoliandikia maneno 80. Nilipaswa kuisoma kabla.

Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na umbo lake halikubadilika sana hadi 2017. Ukisimama barabarani huwezi kujua ipi ni ya mwaka gani. Lakini ndani yake kulikuwa na shughuli. Modeli ya 2013 ilihamisha chaja kutoka nyuma hadi mbele, buti likapata nafasi zaidi, na matoleo mengine yakapewa hita isiyokula stima nyingi. Hayo ni mambo ya kawaida. Kilichonishangaza ni miaka miwili iliyofuata.

Marekani, mwaka wa 2013, Leaf ilisemekana kwenda maili 75 kwa chaji moja, kama kilomita 121. Mwaka wa 2014 ikasemekana kwenda maili 84, kama kilomita 135. Ukiwa mwandishi wa matangazo kama mimi, hiyo ni habari njema, unaandika "imeboreshwa" na kuendelea na gari linalofuata. Lakini betri ilikuwa ya kilowati-saa 24 ileile. Kilichotokea ni hiki: modeli ya 2013 ilikuwa na kitufe cha kusimamisha chaji ikifika asilimia 80, ili betri isichoke mapema. Wapimaji wa serikali walichukua umbali wa chaji ya 80 na umbali wa chaji kamili, wakatafuta wastani, wakapata 75. Mwaka wa 2014 kitufe hicho kikaondolewa kwenye magari ya huko. Wastani haukuhitajika tena, na karatasi ikaandikwa 84. Gari lilipoteza kitu kilichomsaidia mwenyewe kuitunza betri, na nambari ikapanda.

Halafu modeli ya 2015. Karatasini ilikuwa maili 84 tena, kilowati-saa 24 tena. Ungesema mwaka huo walilala. Lakini ndani ya betri walikuwa wamebadilisha mchanganyiko wa kemikali ili istahimili joto. Watu wakaja kuiita betri ya mjusi, kwa kuwa mjusi haogopi jua.

Kwa hivyo mwaka ambao nambari ilibadilika, betri ilikuwa ileile. Mwaka ambao nambari ilitulia, betri ilikuwa nyingine. Mtu akiniuliza kama mabadiliko madogo yana maana, lazima kwanza nimuulize ni madogo kwa kipimo cha nani. Udogo unaoandikwa kwenye tangazo na udogo unaouishi wewe na gari lako ni vitu viwili.

Joto lenyewe lilikuwa na historia. Betri ya Leaf haina maji ya kuipooza kama injini ya kawaida. Inategemea hewa tu. Kwenye dashibodi kuna mistari 12 midogo inayoonyesha afya yake. Mwaka wa 2012, wenye magari haya katika jimbo la Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, walianza kuona mistari ikizimika mapema. Wakalalamika kwa sauti. Kampuni ikaja na dhamana: mistari ikishuka chini ya tisa kabla ya miaka mitano au maili 60,000, wataitengeneza betri. Na miaka michache baadaye ikaja hiyo kemikali mpya.

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Tunazoea kuona kila boresho kama zawadi kwa mnunuzi wa kesho. Lakini boresho pia ni ungamo kwa mnunuzi wa jana. Ukisema betri ya mwaka huu inastahimili joto, umekiri kitu kuhusu betri ya mwaka jana. Ndiyo maana mwenye gari la zamani husoma tangazo la gari jipya kwa moyo mzito hata kama hana nia ya kununua. Watu humwita mwenye wivu, na wakati mwingine ni wivu kweli. Wakati mwingine anasoma ripoti ya daktari wake.

Lazima nikubali upande wa pili pia, kwa sababu una nguvu. Gari lako haliharibiki usiku ule jipya linapotangazwa. Asubuhi litakwenda kilomita zilezile. Ukifuata kila toleo utaishi na deni maisha yako yote, na utakuwa umenunua mambo ambayo huyatumii. Jirani yangu wa Umoja hubadilisha simu kila mwaka na bado hupiga picha za chakula chenye giza. Kutosheka ni fadhila, na wazee wetu hawakukosea kuisifu. Lakini nimeona kwamba anayehubiri kutosheka mara nyingi ni yule ambaye kitu chake kinamtosha tayari. Kumwambia mtu atosheke kabla hujajua anahitaji kiasi gani ni uvivu uliovaa kanzu.

Chuoni, kabla sijaacha, nilisoma kitengo kimoja cha falsafa. Mwalimu alituambia kuhusu Eubulides, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, na fumbo la lundo. Punje moja ya ngano si lundo. Ukiongeza punje moja, bado si lundo. Endelea hivyo, moja moja, na kila hatua utasema punje moja haileti tofauti. Basi lundo lilitoka wapi? Darasa zima lilicheka, na mimi nikaandika kwenye daftari: haba na haba hujaza kibaba.

Siku hizi naona kwamba methali yetu ina kitu ambacho fumbo halina. Lundo halina mpaka, lakini kibaba ni kipimo. Kina ukingo. Kuna punje ambayo kabla yake kibaba hakijajaa na baada yake kimejaa, na kama unanunua mchele kwa kibaba, punje za mwisho ndizo mnazogombania na muuzaji. Kwa hivyo swali la maana ni ukingo wa kibaba chako uko wapi. Ukubwa wa nyongeza peke yake haukuambii kitu.

Kibaba cha mjomba ni Diani. Kutoka Bamburi hadi Diani ni kama kilomita 45, ukijumlisha foleni ya feri pale Likoni, na kurudi ni 45 nyingine. Safari hiyo moja ilikuwa inamlipa kuliko siku nzima ya kuzunguka Nyali. Gari lake lilipofika lilikuwa na mistari 10. Mstari wa kwanza huzimika betri ikishapoteza takriban asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia sita zaidi. Kwa hivyo siku ya kwanza tu, zile kilomita 135 zilikuwa zimeshakuwa kama 106. Diani na kurudi ni 90. Aliweza, mkono ukitetemeka kwenye swichi ya eisii, akimwomba mteja radhi kwa joto.

Sasa ana mistari minane. Hesabu inatoa kilomita 89 hivi.

Ile nyingine, ya 30, ilipimwa kilomita 172 ikiwa mpya. Ipunguze kwa kiasi hichohicho, mistari minane, na bado inakupa kama 113. Diani na kurudi, na eisii kidogo. Kilowati-saa sita. Huko Nairobi, kwa mtu anayetoka Donholm kwenda mjini na kurudi jioni kwenye baridi yetu ya mwinuko, kilowati-saa sita ni upuuzi, na ningekuwa sahihi kumwambia aweke laki yake mfukoni. Kwa mtu wa Bamburi ni mkate. Magari ni yaleyale mawili, na karatasi ni ileile niliyoiandika mimi.

Labda utasema mjomba ni mtu mzima na angefanya hesabu yake mwenyewe. Nimejiambia hivyo usiku kadhaa. Lakini aliniuliza mimi kwa sababu aliamini nimejua, na nilimjibu kana kwamba najua. Neno "tu" katika "tofauti ndogo tu" lilikuwa langu. Halikuwa kwenye karatasi ya muuzaji. Kusema jambo ni dogo ni hukumu juu ya maisha ya mtu, na mimi niliitoa nikiwa nimelala, bila kumuuliza swali hata moja kuhusu maisha hayo.

Na mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kuliogopa neno hilo. Niliacha chuo nikiwa nimebakiza semesta mbili. Karo iliisha, basi. Kila ninayekutana naye husema, "Aah, si ulibakiza kidogo tu!" Wanadhani wananifariji. Wanahesabu semesta sita nilizosoma dhidi ya mbili nisizosoma, na kwao hiyo ni robotatu. Lakini cheti hakigawanywi kwa robo. Mwajiri hanipi robotatu ya kazi. Ile "kidogo tu" ndiyo ukuta wenyewe. Mjomba ndiye pekee ambaye hakuwahi kuniambia hivyo. Aliuliza zilikuwa pesa ngapi, akanyamaza, kisha akasema angekuwa nazo angenipa.

Mwezi uliopita nilimpigia nikamweleza yote, Arizona na kitufe na betri ya mjusi na hesabu ya Diani. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nyuma yake nilisikia honi na mtu akiuza mabuyu.

"Hakuna neno, mjomba," akasema. "Uliniambia ulilolijua."

"Sikulijua. Hilo ndilo ninalokwambia."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akaniambia kwamba siku hizi mteja wa Diani akimpigia, humpa namba ya jirani yake mwenye gari la petroli, na jirani humrudishia kitu kidogo. Akacheka aliposema "kitu kidogo." Mimi sikuweza kucheka.

Bado naandika maelezo ya magari. Kwenye yale ya umeme nilianza kuongeza sentensi mbili mwishoni: jua safari yako ndefu zaidi ya wiki, uende na kurudi, na joto la mahali unapoishi, kabla hujalinganisha bei. Muuzaji alizifuta mara ya kwanza, akasema zinamtia mteja hofu. Nikazirudisha. Alizifuta tena. Sasa nazisema kwa mdomo kwa yeyote anayeniuliza, na wiki iliyopita rafiki mmoja wa Kilifi aliniuliza ipi nzuri kati ya mbili. Nilitaka kumjibu haraka, chakula kilikuwa mezani. Nikaweka kijiko chini nikamuuliza, "Kwanza niambie, huwa unaenda wapi?"