Mgeni Kwenye Harusi ya Wenyeji Anadaiwa Nini?



Wengi wenu mmetuuliza habari za ile harusi ya jirani yetu Mmalawi, kijijini nje ya kambi, ambako tulialikwa sisi, mama mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Wengine mmesikia kwamba mzee wetu alirudi amekasirika. Wengine mmeuliza kama ni halali Mkristo kucheza huku akitupa pesa. Tumeona ni vema tuandike, kwa maana chini ya maswali hayo kuna swali lililo kubwa kuliko harusi moja: mtu aliyekimbia kwao, akialikwa kwenye furaha ya wenyeji, anadaiwa nini?

Kwanza tukiri kosa letu. Tulipofika tuliona viti vya mbele viko wazi, tukaketi. Kwetu Fizi na Uvira mchungaji hukaa mbele. Kumbe vilikuwa viti vya ankhoswe, yaani wajomba wanaoisimamia ndoa kwa upande wa bwana harusi na wa bibi harusi. Kijana mmoja akatuhamisha kwa upole mpaka benchi la nyuma. Luka 14 tumeihubiri mara nyingi. Siku ile ilituhubiri sisi.

Tukiwa pale nyuma, mzee wetu akauliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Jirani wa benchi akacheka, akasema Wachewa hawatoi ng'ombe. Mzee akatugeukia: "Basi binti ametolewa bure."

Ndugu, hapa tujihadhari. Katika Malawi hii, Watumbuka na Wangoni wa kaskazini hutoa lobola kama sisi tunavyotoa mahari. Wachewa, ambao ndio wenyeji wetu hapa Dowa, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na tangu zamani mume ndiye aliyehamia kijijini kwa mke. Ndoa yao hufungwa kwa chinkhoswe: wajomba wa pande mbili hukutana mbele ya mashahidi, wakabadilishana kuku, jogoo na tetea. Nyumba ikiingia ugomvi, ankhoswe ndio huitwa kwanza. Kwa hiyo binti hakutolewa bure. Sisi tunaweka ng'ombe kuwa dhamana ya ndoa, wao wanaweka watu. Aliye na hekima na atuambie ni dhamana ipi iliyo nyepesi.

Kisha ikaja perekani perekani, maana yake "toeni, toeni". Msemaji wa sherehe huita kundi baada ya kundi: upande wa mama, marafiki, majirani, wanakwaya. Wanaoitwa huinuka wakicheza, na kila mmoja huwarushia maharusi noti moja moja, wasaidizi wakiziokota. Kando kuna meza ya kuvunja noti kubwa ziwe ndogo. Sisi tulikuwa na kitenge na bahasha, tukingoja kupewa nafasi ya kusema neno. Ghafla tukasikia wakiita watu wa Dzaleka. Uwanja wote ukatugeukia, nasi tukabaki tumeganda.

Mjomba wa bibi harusi akaja mpaka benchi letu. Hakusema lolote. Akatuwekea mkononi noti zake mwenyewe, ndogo ndogo, akatushika mkono akatupeleka mbele. Tulicheza vibaya, wakatushangilia kana kwamba tumecheza vizuri. Mzee wetu alibaki ameketi.

Hoja za mzee si za kupuuzwa. Alisema: watoto wetu hawana ada, tutatupaje pesa? Tena alisema: haya ni mashindano ya kiburi. Na tena: tukizoea mila zao, watoto wetu watasahau kwao.

Juu ya la kwanza, pesa zile hazikutupwa. Zilihesabiwa, zikawa mtaji wa nyumba mpya. Na kwa noti ndogo, mjane anaweza kucheza muda mrefu kama tajiri. Juu ya la pili, ni kweli, kiburi kilikuwapo. Lakini kwetu pia tumesikia majina na kiasi cha michango yakitangazwa kwa kipaza sauti. Tusikiite kiburi chao dhambi na chetu heshima. Juu ya la tatu, mtoto hasahau kwao kwa sababu baba yake amefurahi na jirani. Husahau kwa sababu baba hakumsimulia nyumbani.

Je, hakuna mpaka? Upo. Katika 1 Wakorintho 10 Paulo anamruhusu mwamini aende akialikwa na asiyeamini, ale bila kuhoji; lakini akiambiwa kwamba chakula kile ni cha sadaka ya sanamu, aache. Kwa hiyo tungeombwa kuabudu kingine, tungekataa kwa adabu na kuondoka. Lakini desturi haiwi dhambi kwa sababu tu si yetu. Tukikataa kila tusichokizoea, tunalinda mazoea na kuyaita imani.

Tena kumbukeni nyakati tulizomo. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na wengi mlipoteza maduka na marafiki. Mwenyeji anayetualika baada ya hayo amejitokeza mbele ya majirani zake, na huenda wengine wanamsema. Tukikaa na uso uliokunjwa, aibu inamwangukia yeye. Basi deni la kwanza la mgeni ni hili: asimfanye mwenyeji ajute kumwalika.

Deni la pili ni gumu zaidi, nalo ni kukubali kufundishwa. Tumezoea kupokea kwa kadi, tukiwa kwenye mstari, na kupokea huko kumetufanya wengi tuwe wakali au wanyonge. Mjomba yule alitupa kwa namna nyingine. Alitupa ili nasi tuwe na cha kutoa. Kwa dakika chache hatukuwa mzigo wa mtu. Tulikuwa wageni wa harusi, kama wale wa Kana. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mgeni naye alipona.

Mzee wetu bado hajakubali yote, nasi tunamheshimu. Juzi alituuliza kama tulimrudishia mjomba pesa zake. Hapana, hatukurudisha. Deni la namna ile tutalilipa siku mwenyeji atakapokuwa ameketi kwenye benchi letu la nyuma, watu wote wakimtazama, naye hajui la kufanya. Siku hiyo, ndugu, mmoja wetu na ainuke.