Ukweli na Siri katika Riwaya za Anne Holt

Je, anayewadai watu ukweli ana haki ya kuuficha wake? Swali hili limo katika riwaya za upelelezi za Anne Holt wa Norwei tangu Blind gudinne (1993), yaani mungu wa kike aliye kipofu: Haki mwenyewe. Holt ni mwanasheria aliyewahi kufanya kazi katika polisi ya Oslo, na mwaka 1996 hadi 1997 alikuwa Waziri wa Sheria. Anaandika kuhusu nyumba aliyoishi ndani yake. Mpelelezi wake, Hanne Wilhelmsen, huwahoji washukiwa mpaka siri zao zikafichuka, ilhali kwa muda mrefu anawaficha wenzake kazini kwamba anaishi na mpenzi wake, Cecilie. Ni rahisi mno kumwita mnafiki. Mshukiwa hudaiwa ukweli kwa kuwa yupo aliyedhulumiwa. Kimya cha Hanne hakimdhulumu mlalamikaji yeyote. Anayedhulumika ni Cecilie, anayefanywa kana kwamba hayupo. Hapo ndipo hoja ya faragha inapopwaya, kwani siri ni ya wawili na mwamuzi ni mmoja. Cecilie anapougua saratani katika Død joker (1999), muda wa kulilipa deni hilo umekuwa mfupi.