Nani Amepumzika Nyumbani Mwenu?



Mwezi huu nawaomba ninyi wanandoa mketi pamoja na kujiuliza swali moja: Jumapili usiku, kabla ya kulala, ni nani kati yenu aliyepumzika?

Tunaujua mwisho wa juma ulivyo. Jumamosi kuna sare za shule za kufua, shamba la kupalilia na mahindi ya kusagisha. Kuna mazishi ya jirani, mchango wa arusi na mkutano wa chama. Jumapili kuna Misa, kisha jumuiya, kisha wageni. Hayo yote ni mema. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Lakini mzigo hata ukiwa mwema, ukibebwa na mmoja humvunja mgongo.

Mama mmoja aligombezwa na mumewe kwa kusinzia wakati wa mahubiri. Aliniambia, "Padre, pale kanisani ndipo mahali pekee ninapoketi." Mumewe si mtu mbaya. Juma zima yeye huamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu ya kwenda kazini, na aliona Jumapili ni haki yake. Kila mmoja aliujua uchovu wake tu. Wakaanza kunyamaziana, na nyumba ikapoa.

Tusome amri ya tatu katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Mungu anataka wapumzike mwana, binti, mtumishi, hata ng'ombe na punda. Mtumishi apumzike sawa na bwana wake, kwa maana Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Mke hakutajwa katika orodha hiyo. Je, yeye aendelee kupika? La, hasha! Ninyi wawili ni mwili mmoja, na amri inawaambia nyote wawili. Basi pumziko la mume linalonunuliwa kwa jasho la mke halijatimiza amri.

Mtasema kazi za nyumbani haziishi. Ni kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2185, inakubali kwamba mahitaji ya familia yaweza kumruhusu mtu kufanya kazi Jumapili. Hata hivyo inaonya kwamba ruhusa hiyo isigeuke mazoea ya kudhuru dini, maisha ya familia na afya.

Jaribuni hivi. Alhamisi jioni, hesabuni pamoja shughuli za mwisho wa juma. Ipi haiwezi kungoja? Ipi aende mmoja wenu tu? Ipi mtume mchango na salamu kwa jirani? Sare zifuliwe Ijumaa, na mtoto wa miaka 10, awe mvulana au msichana, afue soksi zake mwenyewe. Maharagwe yachemshwe Jumamosi. Baada ya Misa, baba achukue zamu jikoni, mama aketi. Kisha tafuteni saa moja yenu wawili, simu zikiwa zimezimwa, mzungumze.

Na msichana wa kazi msimsahau. Sheria ya Kenya ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Itakuwa aibu sheria ya serikali itutangulie katika jambo ambalo Mungu alituamuru zamani.

Wewe baba, pengine unaogopa majirani watasema nini wakikuona jikoni. Fungua Injili ya Yohana, sura ya 21. Wanafunzi wamevua samaki usiku kucha, wamechoka. Ufukweni wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Aliyewaandalia ni Bwana mwenyewe, aliyeshinda mauti. Hakuona haya kuwapikia waliochoka. Wewe utaona haya?

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni kazi gani ya mwisho wa juma inayomchosha mwenzangu zaidi?
2. Ni ipi nitakayoichukua mimi Jumapili ijayo?

Ee Bwana, uliyepumzika siku ya saba, utufundishe kupumzishana. Amina.