Kosa Linaonekana Huku, Limeanzia Kule

Kijana mwenzangu, umewahi kumlaumu mtu kwa sababu tu kosa limeonekana upande wake? Mimi nimewahi, na niliyemlaumu ni mdogo wangu.

Tulikuwa tunaunda amplifaya ya valvu, ile inayokuja vipande vipande kwenye boksi halafu unalehemu mwenyewe nyumbani. Tuligawana kazi: yeye rezista za anodi, mimi za kathodi. Tulipowasha, spika ya kushoto ikatoa sauti hafifu, ya kukwaruza. Nikachukua mita. Mchoro ulisema anodi ya valvu ya kwanza, 12AX7, iwe na volti 170 hivi. Mita ikasoma karibu 250, sawa na umeme unaoilisha.

"Dogo, umeniharibia! Anodi si ulilehemu wewe?"

"Kaka, mbona mi niliangalia mara mbili?"

Sikumsikiliza. Akaondoka, na siku mbili hakukanyaga chumbani kwangu.

Sasa, nilikosea wapi? Mita haikudanganya. Volti zilikuwa zimezidi pale pale nilipoonyesha kidole. Nilichoacha ni kuuliza kwa nini.

Umeme hufika kwenye anodi kupitia rezista ya omu 100,000. Valvu ikifanya kazi, mkondo mdogo wa miliampea 0.8 hupita humo na kupunguza volti 80. Toa 80 kwenye 250, unapata 170. Mkondo usipopita, hakuna kinachopungua. Kwa hiyo ile 250 haikuonyesha kwamba umeme umezidi. Ilionyesha kwamba valvu haipitishi kitu. Na mkondo huo huo lazima upite kwenye kathodi. Yaani kwangu.

Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikasubiri kapasita ziishiwe chaji na kuzipima kwanza, maana zinaweza kuua hata amplifaya ikiwa imezimwa. Kisha nikapima rezista ya kathodi. Ilitakiwa isome omu 1,500. Mita haikusoma kitu. Lehemu yangu ilikuwa imeganda juu juu tu, haikushika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo nikaelewa kwamba mtu anaweza kushika ukweli mkononi na bado akatoa hukumu ya uongo. Rafiki amekuwa mkali siku hizi: ni kweli. Dada hapokei simu zako: ni kweli. Lakini ulichokiona ni mahali kosa lilipojitokeza, na huenda lilianzia mbali na pale, pengine kwenye neno ulilolisema wewe ukalisahau.

Je, tuseme basi hakuna mwenye kosa? Hapana. Kosa lilikuwepo na lilikuwa na mwenyewe. Haki inatudai tumtafute, ila tuanze kupima kazi ya mikono yetu.

Kulehemu upya kulinichukua dakika tano. Kumwendea dogo na kumwomba msamaha kulinichukua hadi jioni. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa inasoma ngapi?" Tukaenda kupima pamoja: 168.

Leo kabla hujalala, jiulize: ni nani nimemhukumu kwa sababu tu kosa lilionekana kwake? Na kesho asubuhi, mtafute.