Anayekuza Sauti Huchukua Nini?

Hebu tujiulize, washikaji wa kalamu: mtu akiikuza sauti ya mwenzake, anampa kitu au anamnyang'anya?

Msicheke, jibu langu nimelitoa kwenye santuri. Ipo katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ambayo koili yake hutikisika pamoja na sindano ndani ya sumaku. Koili hiyo ina mizunguko michache ya waya, kwa hiyo sauti hutoka dhaifu. Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa kazi za utangazaji, hutoa milivolti 0.3 tu, wakati amplifaya ya kawaida ya gramafoni hutaka kama 3 hivi. Basi katikati hutiwa transfoma ndogo ya kupandisha volti mara 10. Haichomekwi ukutani, na haina nguvu yake yenyewe hata chembe.

Ni ndugu wa zile transfoma za bwawa la Mtera, zinazopandisha volti ili umeme usafiri mbali, na wa zile za nguzoni hapa Area D, zinazozishusha. Kanuni ni moja: volti zikipanda, mkondo unapungua. Hakuna cha bure, bwana.

Sasa ukiona mara 10 haitoshi, ukaweka ya mara 30, utapata mara 30? Wapi! Amplifaya yenye ukinzani wa omu 47,000, ikipitia transfoma ya mara 10, kwa katriji ni mzigo wa omu 470. Ikipitia ya mara 30, ni omu 52 tu. Katriji yenye omu 40 za ndani inaelemewa. Unaambulia kama mara 17. Kadiri unavyotaka kuikuza, ndivyo unavyoilemea.

Hapo ndipo ninapotufikiria sisi waandishi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo, za Wagogo zikiwemo. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alisikika hadi Ulaya na ilimba yake. Bila wa kuzikuza, sauti hizo zingeishia uwanja wa ngoma. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema tuwaache wazee na kimya chao. Kimya nacho ni dhuluma.

Lakini bibi akikusimulia njaa ya zamani kwa maneno matano, wewe ukaandika kurasa hamsini za machozi, nani anabeba mzigo? Sifa ni zako. Yeye anabaki kuulizwa na majirani kama kweli alisema hayo.

Maoni yangu ni haya: tukuze, ila kwanza tupime msemaji anaweza kubeba kiasi gani. Tumrudie, tumsomee tulichoandika. Akisema, "Huyo siyo mimi, mjukuu wangu," tupunguze, hata kama hadithi itapoa. Anayenipinga alete hoja, tubishane humu humu.