Yairo Alitoka Nyumbani

Somo: Marko 5:21–43



Mwaka wa 2020 tuliketi hapa watu mia moja, kwa saa moja tu, kila mtu mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Tulimshukuru Mungu kwamba Julai mwaka huo milango ya kanisa ilifunguliwa. Lakini hebu kumbuka zile benchi za kushoto. Zilikuwa tupu. Hapo ndipo watoto wetu huketi, na walio chini ya miaka 13 walikuwa bado hawajaruhusiwa kurudi. Shule nazo zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na tuliambiwa ni hadi Januari. Basi leo nataka tuongee juu ya hao ambao hawakuwa hapa.

Kulikuwa na neno lililotembea: "Korona haishiki watoto." Nimelisikia kwa steji ya matatu, nimelisikia sokoni, nimelisikia hata mlangoni mwa kanisa. Na mimi nimelisema. Wapendwa, neno hilo si kweli. Korona inashika watoto. Ukweli ni kwamba wengi wao huugua kidogo tu: homa, kikohozi, mafua, pengine kuhara, halafu wanapona. Kwa hilo tumpe Mungu sifa. Lakini wengi si wote. Mtoto mchanga ambaye hajafika mwaka mmoja, na mtoto mwenye ugonjwa mwingine mwilini, kama wa moyo au wa mapafu, anaweza kuzidiwa.

Nina ushuhuda, na wazazi wamenipa ruhusa niuseme. Usiku mmoja mama mmoja wetu alinipigia simu. "Pasta, mtoto anachemka mwili, anapumua haraka, na amekataa kunyonya. Tuombee." Mtoto wa miezi mitano. Nikaomba, nikakemea homa kwa jina la Yesu. Kisha nikamwambia, "Mama, mpake mafuta, lala kwa amani, asubuhi utashuhudia." Nikakata simu, nikalala.

Nyanya ya mtoto hakulala. Alimwangalia mjukuu kifuani, akamfunga na leso, akatoka kwa miguu na kafyu ilikuwa imeanza, mpaka hospitali. Mtoto akawekewa oksijeni usiku huohuo. Kupimwa, ni korona. Baba alikuwa amekohoa wiki nzima na akanyamaza, kwa sababu aliogopa karantini na midomo ya majirani.

Mtoto yuko hai. Haleluya! Lakini lazima niwaambie ukweli mbele za Mungu: usiku ule niliomba vizuri, nikashauri vibaya. Mwenye imani ya Yairo hakuwa pasta. Alikuwa nyanya wa miaka 63, ambaye kwa sheria ya wakati ule, mwaka wa 2020, hata hakuruhusiwa kuingia hapa kuabudu.

Sasa fungua Marko 5. Yairo ni nani? Ni mkuu wa sinagogi. Mtu wa heshima. Binti yake wa miaka 12 yuko karibu kufa. Yairo hakusema, "Mimi ni kiongozi, watu wataniona vipi?" Alitoka nyumbani. Alipita katikati ya umati, akaanguka miguuni pa Yesu mbele ya kila mtu. Njiani wakacheleweshwa. Wakaja watu kumwambia yamekwisha, asimsumbue tena mwalimu. Hakurudi nyuma. Imani yake ilikuwa na miguu. Mwambie jirani yako: imani ina miguu!

Mtu atasema, "Pasta, Yairo alienda kwa Yesu, hakuenda hospitali." Ndiyo. Lakini angalia mwisho wa sura. Msichana amefufuka, anatembea, watu wamepigwa na butwaa. Yesu anaagiza nini? Anaagiza apewe chakula. Yule aliyeshinda kifo hakudharau uji wa mtoto. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa daktari. Maombi hayagombani na dawa. Omba ukiwa njiani. Omba ukiwa kwenye foleni. Mungu anasikia hata kwenye foleni.

Basi tufanye nini juma hili?

Kwanza, jua dalili za kukutoa nyumbani. Mtoto akipumua haraka, au kifua kinaingia ndani chini ya mbavu akivuta pumzi, au amekataa kunyonya, au amelegea haamki vizuri, au midomo inageuka rangi, au ana degedege, usingoje asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, hiyo homa peke yake inatosha kukutoa. Madaktari pia wameona watoto wachache ambao wiki kadhaa baada ya korona kupita huingiwa na homa isiyoshuka, vipele, macho mekundu, tumbo kuuma na kutapika. Ni wachache, lakini hao nao ni wa kukimbizwa hospitali.

Pili, mama, endelea kunyonyesha. Hata ukiwa na korona. Nawa mikono kwa sabuni, vaa barakoa unapomshika mtoto, mnyonyeshe. Maziwa yako ni baraka, yanampa kinga. Lakini mtoto wa chini ya miaka miwili usimvishe barakoa, atakosa hewa. Barakoa ni yetu sisi tunaomzunguka.

Tatu, rudi kliniki. Najua wengine wenu mliogopa hospitali tangu Machi 2020, kitabu cha mtoto kikabaki kwenye kabati. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua kwa miezi 9 na miezi 18, hazikusimama kwa sababu ya korona. Itakuwa uchungu gani kumficha mtoto korona, halafu surua imkute nyumbani?

Nne, baba, ukikohoa, sema. Juni 2020 serikali ilikubali wasio na dalili kali watunzwe nyumbani. Mtoto mchanga hatoki kwenda kutafuta korona. Sisi ndio humletea. Na sisi majirani, tufunge midomo yetu. Maneno yetu yasije yakamfungia mtoto wa mtu ndani ya nyumba.

Wazee wa kanisa wamekubaliana: mtu akipiga simu usiku kwa ajili ya mtoto mgonjwa, tutaomba, halafu tutauliza, "Mnatoka saa ngapi? Nauli iko?" Kama haiko, kanisa litatafuta.

Tuombe. Baba, utusamehe pale tulipoita uzembe wetu imani. Utupe macho ya yule nyanya na miguu ya Yairo. Uwalinde watoto wetu, hata mmoja asikosekane. Katika jina la Yesu. Ameni.