Sahihi ya Fundi wa Ndege

Vijana wanaotamani kazi za anga aghalabu hukitazama kiti kimoja tu, kile cha rubani, wala siwalaumu, kwani kina fahari yake na mlango wake ni mwembamba: kanuni za kimataifa humtaka rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria awe amekwisha ruka saa 1,500. Ilhali yuko pia fundi akazaye usiku parafujo ambayo abiria hataiona maishani mwake, yuko mwongoza ndege aliye mnarani, na yuko mpakiaji ambaye akikosea uzito wa shehena amewahatarisha wote.

Kwa watu hawa huzuka swali la kale: ikiwa siku ya kila kiumbe imekwisha andikwa, ya nini kukagua mara ya pili kilichokwisha kaguliwa? Wako wasemao kwamba hadhari ikizidi ni upungufu wa imani. Mimi naona kinyume chake. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyokuwa ikijaribiwa na jeshi ilianguka punde baada ya kupaa, ikaua marubani wawili, nao walikuwa mabingwa; kifungo kizuiacho mitambo ya usukani isipeperushwe na upepo ndege iwapo chini kilikuwa hakijafunguliwa. Wenzao hawakutafuta mabingwa zaidi, bali waliandika orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka, na hadi leo rubani mmoja husoma na mwenziwe hujibu, hata awe na mvi za kazi hiyo. Huo ndio unyenyekevu hasa, na tawakali ya kweli huanza baada ya kifungo kufunguliwa, si kabla.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye sahihi. Ndege iliyotengenezwa hairudi angani mpaka fundi mwenye leseni ashuhudie kwa mkono wake kwamba kazi imetimia. Na mara nyingine abiria wamekwisha panga foleni, na bwana mkubwa anatazama saa. Akitia sahihi kwa kushurutishwa, dhambi ni ya nani? Naamini aliyemshurutisha atashiriki, lakini hatampunguzia mwenye sahihi hata chembe, kwa kuwa amana ilikuwa mkononi mwake.

Basi mzazi ampelekaye mwanawe chuo cha usafiri wa anga asiulize kwanza mshahara. Na amtazame kama huvumilia kuulizwa mara mbili jambo alijualo. Asiyevumilia na atafutiwe kazi nyingine, nazo ziko tele.